Saa iliyorudi 2012: kisa cha steshenari yenye kompyuta nne

Mazingira ya kisa

Duka lenyewe ni steshenari katika mji mmoja wa mkoa, Tanzania Bara, karibu na kituo cha daladala na si mbali na chuo. Mwenye duka ni mama mtu mzima aliyeanza na mashine moja ya fotokopi. Sasa ana kompyuta nne za mezani, printa mbili, skana, na wasaidizi wawili, binti na kijana, ambao wote wamejifunzia kazi hapohapo. Jina la mji, la duka na la kila mhusika nimeliondoa, na namba nilizozipa kompyuta ni zangu mwenyewe.

Ili uzito wa kisa hiki uonekane, lazima kwanza tuiangalie kazi ya steshenari ilivyo siku hizi. Zamani mtu aliingia, akatoa kopi ya cheti, akaondoka. Leo anaingia na bahasha yenye maisha yake yote: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, namba ya kitambulisho cha taifa, picha ndogo, na simu mkononi ya kupokea ujumbe wa uthibitisho. Anakalishwa kwenye kiti cha pembeni, binti anamfungulia akaunti ya maombi ya mkopo wa masomo, ya ajira, ya pasipoti au ya namba ya mlipakodi. Nywila yenyewe mara nyingi anaitunga binti, anaiandika kwenye kikaratasi, anampa mteja. Kwa siku moja kompyuta moja ya duka inaweza kupitiwa na taarifa nyeti za watu thelathini ambao hawajuani.

Kompyuta zote zilikuwa za mtumba zilizopitia Dubai, prosesa za Core i3 na i5 za kizazi cha tatu, zote zikitumia Windows 10. Namba 1 ilikaa kaunta kwa kazi ya kuprinti. Namba 2, chini ya dirisha, ilikuwa ya maombi ya mtandaoni. Namba 3 ilikuwa ya kuchapa na kupanga tafiti za wanachuo. Namba 4, kongwe kuliko zote, ilikuwa ya akiba. Intaneti ilitoka kwenye ruta ya laini ya simu, kwa bando. Kila siku saa mbili usiku kijana huzima swichi kuu ya ukutani, kwa sababu ya kuokoa umeme wa LUKU na kwa hofu ya umeme kukatika usiku na kurudi kwa nguvu. Swichi hiyo tutairudia.

Malalamiko yalivyoletwa

Mimi ni fundi wa kompyuta. Mama alinipigia simu akayataja mambo matatu kwa pumzi moja. Kwanza, Namba 2 haifungui mifumo ya maombi "mpaka uingilie kwenye ile Chrome ya fundi", yaani fundi aliyeitwa kabla yangu. Pili, mafolda kwenye flashi za wateja yanageuka shotikati, yaani alama za mkato tu. Juzi mwanachuo alirudi dukani karibu kulia, folda ya utafiti wake haifunguki nyumbani na kesho yake ndiyo siku ya kuwasilisha. Tatu, kompyuta zimekuwa nzito, hasa asubuhi.

Hukumu alishaitoa mwenyewe: "Fundi, zina virusi. Njoo upige Windows zote nne."

Sikukubali palepale kuzifuta zote na kuziwekea Windows upya. Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo, msimu ambao duka hilo hulipia kodi ya pango ya miezi kadhaa. Kuzilaza kompyuta nne kwa siku mbili kungemuumiza, na zaidi ya hapo sikuwa na ushahidi kwamba malalamiko matatu yana chanzo kimoja. Nikamwomba nije nizione zikifanya kazi kwanza.

Siku ya kwanza

Nilifika saa tano asubuhi, foleni imefika mlangoni. Nilianza na Namba 2, nikiwa na daftari na simu ya kupigia picha kila ninachokiona kwenye kioo kabla ya kukibadilisha.

Kulikuwa na alama mbili za Chrome. Ile ya kawaida, ukiingia kwenye mfumo wowote wa serikali, inaleta ukurasa wa onyo. Chini ya onyo, kwa herufi ndogo za kijivu, kuna msimbo: NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Alama ya pili ilikuwa imepewa jina CHROME MPYA, na hiyo ilifungua kila kitu. Ila ilikuwa na utepe mwembamba juu ya dirisha, wenye maneno ya Kiingereza. Binti aliufunga kwa kubofya alama ya x bila hata kuutazama. Nikamwuliza ni kitu gani. "Ni tangazo tu."

Halikuwa tangazo. Nilibofya kitufe cha kulia juu ya CHROME MPYA, nikafungua sifa zake, nikasogea hadi mwisho wa mstari unaoonyesha programu inavyoanzishwa. Baada ya chrome.exe kulikuwa na mkia: --ignore-certificate-errors. Utepe ule ulikuwa unasema kwamba kwa sababu ya mkia huo usalama umepungua.

Tovuti yenye https huanza kwa kumwonyesha mgeni cheti chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari hakina kalenda yake. Kinailinganisha tarehe hiyo na saa ya kompyuta. Saa ikiwa nyuma miaka kumi, cheti kilichotolewa mwaka huu kinaonekana bado hakijaanza kutumika, na kivinjari kinakataa, kama karani anavyokataa hundi yenye tarehe ya mbele. Mkia ule unakiambia kivinjari kisikague cheti chochote, cha tovuti yoyote. Maana yake mtu aliyejipenyeza kwenye mtandao wa duka angeweza kuweka ukurasa wa bandia wa mfumo wa mikopo, binti akajaza namba ya kitambulisho na nywila ya mteja, na Chrome ingekaa kimya.

Nikatazama kona ya chini kulia ya kioo. Ilikuwa imeandikwa 3:07 AM, 1/1/2012. Hakuna dukani aliyewahi kuiangalia. Kuna saa ya ukutani, na kila mtu ana simu.

Nikarekebisha saa na tarehe, Chrome ya kawaida ikafungua mifumo yote. Nikaifuta CHROME MPYA, nikamwambia mama la kwanza limekwisha, nikahamia Namba 3. Tuliondoka pamoja saa mbili usiku. Kijana akazima swichi.

Asubuhi mbili zilizofuata

Kesho yake saa mbili na dakika ishirini simu ililia. "Fundi, imerudi."

Nakiri wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kuna kirusi kinachorudisha saa nyuma makusudi ili kivuruge masasisho. Nilipoteza nusu siku nikikitafuta kwenye orodha ya programu zinazoanza zenyewe. Jioni ndipo nilipojiuliza swali nililopaswa kuanza nalo: tangu nimefika hapa, nimewahi kuiona kompyuta hii ikiwashwa? Sikuwahi. Kila nilipokuja niliikuta inafanya kazi.

Siku ya tatu nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Kijana akawasha swichi ya ukutani, binti akawasha Namba 2. Kioo kikaja cheusi na mistari miwili ya herufi nyeupe, na kabla sijamaliza kusoma wa kwanza, kidole cha binti kilishabonyeza F1.

"Subiri dada, ilikuwa inasema nini?"

"Ni kawaida yake, kaka. Huwa tunabonyeza F1 inaendelea."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Tukazima, tukawasha tena, safari hii bila kugusa kitu. Ilikuwa inasema kwamba tarehe na saa hazijawekwa, na kwamba mipangilio iliyohifadhiwa kwenye bodi mama imeharibika. Nilifungua mfuniko wa pembeni, nikagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, nikabonyeza klipu ndogo na betri ya duara ikaruka. CR2032, ya volti 3. Mita yangu ilisoma 1.4.

Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa na swichi ya ukuta imewashwa, hata ukiizima yenyewe, umeme mdogo unaendelea kufika kwenye bodi mama na saa inatembea. Betri inahitajika pale tu umeme wa ukutani unapokatwa. Ndiyo sababu mchana kutwa saa niliyoirekebisha haikurudi nyuma, na ndiyo sababu kila asubuhi ilianza upya kutoka 1 Januari 2012. Swichi ya kijana ilikuwa inaifuta kila usiku, kwa nia njema kabisa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Windows haikujirekebisha kutoka kwenye intaneti. Huduma ya saa ya Windows, kwenye kompyuta isiyosimamiwa na seva ya ofisi, kwa mpangilio wake wa kawaida haikubali kusahihisha tofauti inayozidi sekunde 54,000, yaani saa 15. Inachukulia kwamba kosa kubwa hivyo huenda liko upande wa pili.

Betri mpya ilinunuliwa duka la jirani kwa shilingi 2,000. Nikaweka tarehe ndani ya BIOS (mipangilio ya bodi mama inayosomwa kabla ya Windows), nikaweka diski kuu iwe ya kwanza kuwaka (mpangilio uliofutika ulikuwa umerudisha flashi mbele) na nikaweka nywila ya kuingilia humo.

Alama alizoacha aliyetangulia

Baada ya chanzo kujulikana, mambo mengine kwenye Namba 2 yalianza kusomeka kama nyayo. Ukuta wa moto (firewall) wa Windows ulikuwa umezimwa. Kwenye Microsoft Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ngao ilionyesha alama ya kijani, lakini ukiingia kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa unakuta C:\, D:\ na E:\. Maana yake ni diski nzima na herufi mbili ambazo flashi hupewa. Defender ilikuwa macho, ila imeambiwa isitazame kitu.

Mtiririko nauona hivi. Fundi aliyeitwa kabla yangu alikuta mifumo haifunguki. Akadhani ukuta wa moto unazuia, akauzima, haikusaidia. Akadhani ni antivairasi, akaifumba macho, haikusaidia. Mwisho akaweka mkia kwenye Chrome, ikafunguka, akalipwa, akaondoka. Yale mawili ya kwanza hakuyarudisha. Simlaumu kwa uzembe. Aliitwa na foleni iko mlangoni, na kwa desturi yetu fundi hulipwa kitu kikifunguka. Hakuna anayemlipa kwa kueleza kwa nini kilikuwa hakifunguki.

Flashi

Namba 3 ilikuwa na hali nyingine. Humo kulikuwa na Office isiyo na leseni, na programu iliyotumika kuifungua ilidai Defender izimwe kwanza. Ilizimwa kabisa. Watumiaji wote waliingia kwa akaunti moja yenye mamlaka ya msimamizi, isiyo na nywila.

Niliichukua flashi ya mwanachuo yule. Kwenye kioo kulikuwa na folda iitwayo "Utafiti final", ila kwenye kona ya chini kushoto ina mshale mdogo. Ukiangalia sifa zake, haielekei kwenye folda. Inaita cmd.exe, dirisha la amri la Windows, ambayo inaita wscript kuendesha faili la .vbs (skripti, yaani orodha ya amri) lenye jina la herufi zisizo na maana, kisha inafungua folda halisi. Folda halisi ipo palepale kwenye flashi, imefichwa kwa kupewa sifa mbili, ya kufichwa na ya mfumo. Hapo ndipo werevu wa kirusi hiki ulipo: mtu akibofya shotikati anaona mafaili yake kama kawaida, hashtuki, na wakati huohuo kirusi kimeshajinakili kwenye kompyuta yake. Kinakuja kujulikana flashi inapofika kwenye kompyuta ambayo antivairasi yake imelifuta lile faili la .vbs. Shotikati inabaki haina pa kwenda, na mwenye flashi anaamini kazi yake imepotea.

Kazi ya mwanachuo ilikuwa salama. Niliisafisha kwa mpangilio huu, na mpangilio ndio muhimu. Kwanza nilifungua orodha ya kazi zinazoendelea nikasimamisha wscript.exe, maana ukianza kufuta wakati ipo hai inayarudisha mafaili yake ndani ya sekunde chache. Pili niliondoa mwito wake wa kujianzisha, ambao ulikuwa sehemu mbili: kwenye folda ya Startup, na kwenye rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run. Tatu nilifuta faili lake ndani ya AppData. Mwisho nikaigeukia flashi kwa amri moja:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yakajitokeza yote, nikafuta shotikati na lile faili la .vbs. Mwanachuo alikuwa amesimama nyuma yangu. Folda ilipotokea alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini.

Namba 1 ilinifundisha jambo. Ilipokea flashi zilezile, lakini haikuambukizwa. Historia ya ulinzi ya Defender ilionyesha imekizuia kirusi hicho mara 11. Hakuna aliyeigusa mipangilio ya Namba 1 kwa sababu haikuwahi kuleta usumbufu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kompyuta ipi ipigwe Windows upya. Nilichagua Namba 3 peke yake. Programu ya kufungua Office iliendeshwa humo kwa mamlaka kamili na ulinzi umezimwa. Huwezi kujua iliacha nini, na kusafisha kwa macho kungekuwa kubahatisha. Namba 2 niliikagua kwa skani ya nje ya Windows, ile inayozima mfumo na kukagua kabla haujawaka, ikatoa mabaki ya kirusi cha shotikati na si zaidi. Kwa msimu ule mama asingeweza kuikosa Namba 2 kwa siku nzima.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Kwenye Chrome ya Namba 2 nilikuta nywila 63 zilizohifadhiwa, nyingi zikiwa za wateja. Kila Chrome ilipouliza kama ihifadhi, mtu alibofya ndiyo. Ziliwekwa kwenye kompyuta ambayo kwa karibu mwaka mzima haikukagua cheti chochote. Sikupata dalili kwamba kuna aliyeibiwa, na nilimwambia mama hivyo. Nilimwambia pia kwamba kukosa dalili hakumaanishi hakuna kilichotokea, na kwamba wateja wanastahili kuambiwa wabadilishe nywila. Alisita. Aliogopa jina la duka. Tulizungumza kwa muda, nikamweleza kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgusa hata mwenye duka dogo anayeshika taarifa za watu. Lakini kilichomgeuza nadhani ni binti, aliyesema kwa sauti ya chini, "Mama, hata ya mdogo wangu ipo humo."

Mipangilio iliyobaki ilikwenda haraka. Kila msaidizi alipata akaunti ya kawaida. Ya msimamizi ikawa na nywila aliyoijua mama tu. Defender na ukuta wa moto vikarudi, orodha ya visivyokaguliwa ikafutwa, kinga ya kuzuia kuchezewa kwa mipangilio ikawashwa. Kuchezwa kiotomatiki kwa flashi kukazimwa. Viambishi vya majina ya mafaili vikaonyeshwa, ili faili la .vbs lisijifanye waraka. Nikazima kabisa uendeshaji wa skripti za aina ya .vbs kwa kuweka thamani ya Enabled kuwa 0 chini ya HKLM\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings. Maombi ya wateja yakahamia kwenye dirisha la mgeni la Chrome, ambalo likifungwa halibaki na nywila wala historia.

Kuhusu masasisho, kompyuta zote zilikuwa zimewekwa kwamba intaneti inalipiwa kwa kipimo, na Windows ikiambiwa hivyo inaacha kupakua masasisho mengi. Kijana alifanya hivyo kulinda bando, na alikuwa na haki. Sasisho moja kubwa lilishawahi kumaliza bando la wiki kwa asubuhi moja. Hatukuondoa mpangilio huo moja kwa moja. Jumamosi usiku mama ananunua bando la usiku, kipimo kinaondolewa, na kompyuta zimeruhusiwa kugawiana masasisho ndani ya mtandao wa duka, moja ikipakua nyingine zichukue kwake.

Namba 4 tuliipa kazi mpya ya kupokea flashi. Niliiwekea Linux Mint, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows. Skripti za .vbs na shotikati za Windows hazifanyi kitu humo, na sifa ya kufichwa haizingatiwi, kwa hiyo mafolda "yaliyopotea" yanaonekana wazi bila amri yoyote. Mteja anachomeka Namba 4, binti anachukua waraka unaohitajika tu, anaupeleka kaunta kwa mtandao wa ndani.

Matokeo

Nilirudi baada ya miezi mitatu. Namba 2 haijauliza F1 tena na saa yake haijarudi nyuma. Malalamiko ya shotikati yalikwisha ndani ya wiki mbili za kwanza, na jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba wanachuo walianza kuja dukani kuokolewa flashi zilizoharibikia kwingine. Binti anaifanya kazi hiyo peke yake kwenye Namba 4, na mama ameipangia bei.

Mawili hayakwenda vizuri. Nilikuwa nimeweka LibreOffice, programu ya bure ya kuchapa, kwenye Namba 3 badala ya Office isiyo na leseni. Tafiti za wanachuo zilizochapwa kwa Word zilifunguka zikiwa na majedwali yaliyosogea na yaliyomo yasiyolingana na kurasa, na kwa duka linalolipwa kwa kupanga kurasa hilo halivumiliki. Wiki ya tatu mama alinunua leseni moja halali ya Office kwa Namba 3, na LibreOffice ikabaki Namba 4. Nilipokuja kuhakiki leseni, ospp.vbs, programu ndogo ya kukagua leseni ya Office, ilikataa, kwa sababu yenyewe ni skripti ya .vbs na mimi ndiye niliyezima skripti. Ilibidi niruhusu, nihakiki, nizime tena.

La pili: kwenye mwezi wa pili kijana alitaka kuweka fonti kwa ajili ya kadi za harusi, mama yuko safarini, akamtajia nywila ya msimamizi kwa simu. Nilipofika niliikuta imeandikwa kwenye karatasi ya njano, imebandikwa pembeni ya kioo. Tukaibadilisha. Tukakubaliana pia kwamba fonti zote wanazozihitaji niziweke siku hiyohiyo, kwa sababu hitaji lile lilikuwa la kweli na nilikuwa sijaliuliza.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ya vyote ni kutenganisha malalamiko. Kama ningezipiga Windows zote nne siku ile ya kwanza, Namba 2 ingeamka kesho yake ikiwa 1 Januari 2012, mifumo isingefunguka, na mtu angerudisha mkia kwenye Chrome kabla ya saa tatu asubuhi. Windows mpya isingeiona betri.

Kingine kilichofaa ni kuusoma msimbo wa kosa. Neno la tarehe limo ndani yake, DATE, na lilikuwa kwenye kioo hicho kila siku kwa karibu mwaka. Siku hizi kila ninapofundisha vijana naanza hapo: soma herufi ndogo za kijivu, zinakili kwenye daftari, ndipo uguse.

Makosa yangu ni matatu. Niliitangaza kazi imekwisha bila kuiona kompyuta ikiwaka kutoka kuzimwa kabisa, na hilo lilinigharimu siku mbili na kumpotezea mama imani kidogo. La pili, niliipiga Windows Namba 3 kabla ya kunakili kumbukumbu zake za matukio, kwa hiyo sitajua kirusi kiliingia lini wala kama lile la Office lilifanya kingine. Kwenye Namba 2 kumbukumbu zilikuwepo, ila hazikusaidia: matukio ya mwaka mzima yote yamejipanga chini ya siku moja ya Januari 2012, asubuhi juu ya asubuhi, na huwezi kusema lipi lilitokea tarehe gani. Saa mbovu haikufunga tovuti tu, iliufuta pia ushahidi wa kila kilichotokea nyuma yake. Mafundi wengi huiona saa kama pambo la kona ya kioo. Mimi sasa naihesabu sawa na ukuta wa moto.

La tatu ndilo linaloniuma. Kati ya siku tuliyoziona nywila zile na siku ya kwanza ya kuwapigia wateja simu zilipita siku tisa. Sehemu ilikuwa kusita kwa mama, sehemu ni mimi niliyeyaacha mazungumzo yapoe kwa sababu kulikuwa na kazi nyingine za kiufundi zilizonipendeza zaidi. Daftari la huduma lilikuwa na namba za simu za wateja 22 tu. Wengine tuliwabandikia tangazo mlangoni, na sijui ni wangapi walipita tena wakalisoma.

Kuhusu mipangilio, ile iliyodumu ni ile isiyomzuia mtu kufanya kazi yake. Namba 4 imedumu kwa sababu inamwingizia mama pesa. Bando la Jumamosi limedumu kwa sababu lililinda kitu ambacho kijana alikuwa analinda tangu mwanzo. Nywila ya msimamizi ilivunjika kwa sababu niliiweka bila kuuliza ni nani atakwama nayo, na lini. Ningeulizwa nifanye tena, ningekaa dukani siku nzima nikiwatazama tu wakihudumia, kabla ya kuweka mpangilio hata mmoja.

Hali ilivyo sasa

Huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha tatu hazikubaliwi na Windows 11, inayotaka pia kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Namba 1 na 2 tumeziandikisha kwenye masasisho ya ziada ya usalama yanayoendelea hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Namba 3 mama anadunduliza abadilishe kompyuta nzima kabla ya msimu ujao wa mikopo. Binti amependekeza Namba 1 iwekewe Linux kama Namba 4, na kwa sasa tunajaribu kama printa ya kaunta itakubali.